Kampuni ya Kilimanjaro iliyogeuka duka la mabegi la Kijapani kwenye Google: kisa kizima cha kusafisha tovuti na kurudisha nafasi zake

Mwenye kampuni nimemuomba ruhusa kabla ya kuandika na amekubali kwa sharti moja, jina lisitajwe. Kwahiyo jina, domeni (anwani ya tovuti), hosti (kampuni inayoitunza tovuti kwenye seva zake) na fundi aliyetengeneza tovuti mwanzoni vyote nimeviacha, na vitu vidogo vidogo vya kumtambulisha nimevibadilisha, ila mtiririko ni huohuo ulivyokwenda. Nimeamua kuandika yote, hata pale nilipokosea mimi, kwa sababu tovuti za aina hii huku kwetu ni nyingi mno na wenyewe hawajui kama zimeingiliwa.

Kampuni yenyewe

Ni kampuni ndogo ya Moshi, inapandisha wageni Kilimanjaro. Mzee mwenyewe alianza kama mpagazi, wale tunaowaita wagumu, akapanda mpaka akawa mwongozaji, baadaye akafungua ofisi yake. Mpwa wake wa kike ndiye anajibu e-mail na kupanga safari. Tovuti imejengwa kwa WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, kurasa kama 60 hivi: Machame, Lemosho, Marangu, Rongai, Umbwe, kila njia na siku zake na bei, ukurasa wa vifaa, maswali, halafu kuna upande wa Kijerumani kama kurasa 10.

Ukurasa uliokuwa unalisha ofisi ni mmoja, wa Machame siku 7. Ulikuwa unatokea ukurasa wa kwanza wa Google kwa maneno kadhaa ambayo mgeni anayejipangia safari mwenyewe huyaandika, na mgeni wa hivyo ndiye mwenye faida kwa kampuni ndogo maana hapo katikati hakuna wakala anayekata chake.

Kingine cha kujua ni msimu. Masika, mwezi wa tatu mpaka wa tano, mlima unapoa, wageni wanakuwa wachache na e-mail zinapungua, hiyo ni kawaida kwa kila mtu Moshi. Kwahiyo e-mail zilipopungua kuliko kawaida hakuna aliyeshtuka, walisema tu mvua mwaka huu imekuwa kali. Hapo tulipoteza kama miezi miwili.

Tulivyogundua

Aliyegundua ni mgeni. Mjerumani mmoja ambaye alishalipa advansi alituma skrinshoti WhatsApp akauliza kwa adabu kabisa kama kampuni bado ipo, maana ameandika jina lao Google akaona maandishi ya Kijapani, alipobonyeza akapelekwa kwenye duka la mabegi. Yule dada akafungua tovuti kwa kuandika anwani mwenyewe, ikaja kama kawaida, mlima na picha zake. Akanipigia, "Kaka mbona kwangu iko sawa kabisa, au huyu mgeni simu yake ina virusi?"

Kesho yake nikaenda ofisini. Nikamwambia fungua Google kwenye simu, andika site: halafu domeni yenu bila kuacha nafasi. Matokeo mawili ya juu yalikuwa yao. La tatu Kijapani, la nne Kijapani, akashusha akashusha, bei za yen, mabegi, saa, viatu, vyote chini ya domeni ya kampuni ya mlima. Mzee akavaa miwani akaichukua simu akaendelea kushusha mwenyewe, hakusema kitu kwa muda, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu wamekaa humu tangu lini?"

Swali zuri sana lile, na jibu lilikuwepo Search Console, chombo cha Google kinachomuonyesha mwenye tovuti jinsi Google inavyoiona, ila hakuna mtu ofisini aliyekuwa na uwezo wa kuingia. Akaunti ilikuwa ya yule fundi wa mwanzo, tulimtafuta siku mbili ndiyo akatuongeza. Tulipoingia tukakuta kwenye orodha ya wamiliki kuna anwani mbili za Gmail ambazo hakuna anayezijua. Wadukuzi walijithibitisha wenyewe kama wamiliki wa tovuti, wakawasilisha na saitimapu yao (orodha ya kurasa), ili Google izichukue kurasa zao haraka. Google huwa inatuma e-mail kwa wamiliki waliopo akiongezeka mmiliki mpya, lakini e-mail ile ilikwenda kwenye anwani ambayo fundi alishaacha kuifungua.

Ripoti ya jinsi roboti la Google, yaani programu yake inayopita kusoma kurasa, linavyotembelea tovuti ikatupa tarehe. Kutoka maombi mia mbili au tatu kwa siku, katikati ya mwezi wa pili yakaruka kwa ghafla yakawa maelfu. Kurasa zilizoingizwa kwenye indeksi (orodha ya kurasa ambazo Google inazitunza) zilikuwa zaidi ya 11,000, na sisi tuna 60. Ripoti ya utendaji inatunza miezi 16, kwahiyo tukaweka Aprili hii na Aprili iliyopita pembeni kwa pembeni, masika kwa masika. Mibonyezo ya ukurasa wa Machame ilikuwa imebaki chini ya robo. Hapo stori ya mvua ikaisha.

Kwa nini mwenyewe haoni

Hiki kipengele nakitilia mkazo kwa sababu ndicho kinachowapoteza watu wengi. Kodi waliyoweka (code, yaani maelekezo ya programu) inaangalia nani anakuja. Akija roboti la Google inampa ukurasa wa Kijapani uliojaa linki. Akija mtu aliyetokea kwenye matokeo ya Google inamrusha kwenye duka. Akija mtu aliyeandika anwani moja kwa moja, ambaye mara nyingi ni mwenye tovuti, inampa tovuti yake safi. Kwenye kurasa zetu halisi nako, kule chini kabisa, walikuwa wanaingiza linki za tovuti za kubeti ambazo roboti peke yake ndilo lilikuwa linaziona.

Kwahiyo ukicheki, cheki kwa jicho la Google, yaani ule ukaguzi wa URL (anwani ya ukurasa) ndani ya Search Console, bonyeza kujaribu URL moja kwa moja uangalie HTML iliyorudi, yaani maandishi ghafi ya ukurasa. Kujifanya wewe ni Googlebot, yaani roboti lile la Google, kwa kubadilisha jina la brauza kunasaidia lakini usikuamini sana, baadhi wanaangalia mpaka anwani ya IP, namba ya mashine kwenye mtandao.

Usafishaji wa kwanza, ulioshindwa

Mzee alikuwa na hofu, msimu wa mwezi wa sita unakuja, na mimi nikaingia na haraka yake. Nikarudisha bakapu ya hosti ya wiki tatu nyuma. Ukiangalia tarehe hapo juu unaona kosa, wadukuzi waliingia mwezi wa pili, bakapu ya wiki tatu nyuma nayo ni mgonjwa, na hosti yenyewe inatunza bakapu siku 30 tu kwahiyo safi haikuwepo. Nikaweka plagini (programu ndogo ya kuongeza kwenye WordPress) ya usalama, ikakuta mafaili kadhaa nikayafuta, nikabadilisha paswedi zote.

Kuna kitu nilikiona siku hiyo nikakipuuza. Nilifungua index.php, faili linaloanzisha tovuti, nikafuta mistari ya ajabu ya juu, nikasevu. Nilipofungua tena kuhakikisha, mistari ipo. Nikafuta tena huku naangalia ukubwa wa faili kwenye cPanel (paneli ya kusimamia akaunti ya hosti), likashuka, sekunde chache likapanda tena palepale. Maana yake kuna mchakato wa PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress, unaendelea kutembea kwenye seva, na kazi yake ni kuliandika upya hilo faili kila likiguswa. Nilibadilisha toleo la PHP, mchakato ukafa, faili likatulia, nami nikajiona nimemaliza. Jioni ileile nikaomba ukaguzi Google, yaani wahakikishe tovuti imeshasafishwa.

Siku ya tisa Kijapani kikarudi. Siku chache baadaye Google nao wakakataa ombi, wakatupa mfano wa URL wanayoiona bado ina uchafu. URL ile ilianza na folda ambayo sijawahi kuisikia.

Mara ya pili: folda ya majaribio

Folda ile ndiyo ilinifungua macho. Kwenye akaunti moja ya hosti kulikuwa na WordPress tatu. Tovuti yenyewe, tovuti ya zamani ya nyumba ya wageni ya mzee ambayo ilishakufa, na nakala ya majaribio ambayo fundi wa mwanzo aliitengeneza miaka miwili nyuma akaisahau. Kwenye nakala ile kulikuwa na plagini ya kulipia ya kupanga kurasa, iliyopakuliwa bure kwenye zile tovuti zinazogawa plagini za kulipia bila leseni.

Ndani ya hiyo plagini nikakuta class.plugin-modules.php, na kwenye folda ya wp-includes ya tovuti zote tatu kuna wp-vcd.php na wp-tmp.php. Hii ni familia ya programu hasidi ya WP-VCD, inajulikana tangu 2017, inasambazwa kwa makusudi kupitia themu (mafaili ya mwonekano wa tovuti) na plagini za wizi, na ikishaingia inajinakili kwenye functions.php za kila themu inayoifikia kwenye akaunti ileile. Kwahiyo mimi nilikuwa nasafisha sebule huku mlango wa jikoni uko wazi, na kila nikimaliza uchafu unapita kulekule.

Safari hii nikamwambia mzee tuifunge tovuti siku moja na nusu, irudishe kodi ya 503 ambayo inamwambia Google kuna matengenezo ya muda, rudi baadaye. Alikataa mwanzoni, akasema mgeni akikuta pamefungwa haji tena. Nikamuonyesha kwamba kwa sasa mgeni anayetoka Google anapelekwa duka la mabegi, kwahiyo tayari tumefungwa. Akanyamaza kidogo akasema, "Haya, funga." Siku moja au mbili za 503 hazina shida, ila ukiiacha wiki nzima Google anaanza kuziondoa kurasa.

Uamuzi mkubwa ulikuwa kutokusafisha tena faili moja moja, tujenge upya. Sababu ni kwamba sikuweza tena kuliamini faili lolote. Tarehe za mafaili walikuwa wamezifananisha na za majirani zake, kwahiyo kupanga kwa tarehe kulikuwa kunadanganya. Amri ya wp core verify-checksums ilinionyesha mafaili yasiyotakiwa kuwepo, lakini ile inalinganisha mafaili ya WordPress yenyewe tu, ya themu haiyagusi. Kwenye folda ya picha kulikuwa na mafaili 14 ya PHP, na pale kwenye picha hakuna sababu ya PHP hata moja kuwepo.

Kwahiyo WordPress mpya kabisa kutoka chanzo, plagini mpya kutoka chanzo, themu tukainunua kihalali. Kilichohama ni vitu viwili tu, picha baada ya kuondoa PHP zote na kuzuia PHP isifanye kazi kwenye folda hiyo, na kanzidata baada ya kuikagua. Kwenye kanzidata tukakuta admini wawili ambao kwenye dashibodi hawaonekani, kodi ilikuwa inawaficha, ila kwenye jedwali la wp_users wapo. Kulikuwa pia na kazi ya ratiba iliyokuwa inaita anwani ya nje kila saa. Tukabadilisha paswedi za kanzidata, cPanel, FTP, na zile funguo ndefu za wp-config.php ambazo ukizibadilisha kila aliyelogini anatolewa. Nakala mbili zilizobaki tukazifuta moja kwa moja.

Wale wamiliki wawili wa Search Console tuliwatoa lakini kuna hila. Kubonyeza kumuondoa haitoshi kama uthibitisho wake bado upo kwenye seva. Hawa walikuwa na sheria kwenye .htaccess, faili la maelekezo kwa seva, inayotengeneza faili la uthibitisho lolote litakaloombwa, yaani unamtoa leo kesho anajithibitisha tena bila kuingia popote. Mpaka sheria ile ilipoondoka ndiyo kumtoa kukawa na maana.

Kurasa 11,000 zilizokufa

Hapa ndipo nilipofanya kosa langu la pili, na hili liligharimu kama wiki mbili. Nilitaka uchafu utoke Google haraka, nikaweka kwenye robots.txt, faili linaloyaambia maroboti yasiingie wapi, sheria ya kuzuia zile folda zao. Kwa akili ya kawaida inaonekana sawa, unamzuia asizione. Lakini ukimzuia roboti kuingia, hawezi kujua kwamba ukurasa umekufa, kwahiyo anaubakiza kwenye orodha vilevile. Ripoti ikaanza kuandika kurasa kwa mamia kwamba zimo kwenye indeksi ingawa zimezuiwa na robots.txt. Nikaitoa sheria, nikaacha zirudishe 410, maana yake ukurasa umeondolewa na haurudi. Google anazichukulia 404 na 410 karibu sawa, 410 labda inaharakisha kidogo, na kwa kuwa URL zao zilifuata muundo mmoja ilikuwa rahisi kuiweka.

Chombo cha kuondoa URL ndani ya Search Console tulikitumia kwa viambishi vya folda, lakini kile ni plasta, kinaficha kwa miezi kama sita. Tulikitaka kwa sababu moja, mgeni akiandika jina la kampuni leo asikutane na mabegi.

Kuna rafiki wa mzee alishauri kurasa zote mbovu zielekezwe ukurasa wa mwanzo ili "nguvu" ya linki zinazoelekea kwenye kurasa hizo ije kwetu. Tulikataa. Linki zile zilitoka kwenye tovuti nyingine zilizodukuliwa kama sisi, na Google akiona maelfu ya kurasa za mabegi zinaelekea ukurasa wa mlima anazihesabu kama 404 za kujificha, faida hakuna.

Mwingine akaja na huduma ya kulipia ya kukana linki mbovu, yaani kumwambia Google asizihesabu kupitia chombo chake cha kukana linki. Mzee alikuwa karibu kutuma pesa. Nilimuomba asitume, nikamueleza hivi: linki za wadukuzi zinaelekea kwenye kurasa ambazo sasa zinajibu 410, hazina pa kufikia. Na tangu mabadiliko ya Septemba 2016 ya Penguin, mfumo wa Google wa kushughulikia linki za spamu, Google kwa kawaida anazipuuza linki za spamu badala ya kuiadhibu tovuti, na wenyewe wanasema tovuti nyingi hazihitaji kukihangaikia chombo kile. Kinawahusu zaidi waliopewa adhabu ya linki na mkaguzi wa Google, au walionunua linki wenyewe, na kwenye ripoti yetu ya adhabu hakukuwa na kitu, shida yetu ilikuwa kwenye ripoti ya usalama. Pesa ikabaki.

Ombi la pili na kusubiri

Ombi la kwanza niliandika sentensi mbili. La pili niliandika mlango ulikuwa wapi, nini kimefutwa, nini kimejengwa upya, wamiliki gani wametolewa na wameingiaje, na URL zao sasa zinajibu nini. Kwa udukuzi wa spamu Google wanasema ukaguzi unaweza kuchukua wiki kadhaa, wetu ulichukua karibu tatu, ukapita.

Katika wiki hizo hatukukaa bure. Tukawasilisha saitimapu safi yenye kurasa zetu 60. Ukurasa wa Machame mwongozaji mmoja wa kampuni aliuandika upya kwa maneno yake, siku kwa siku, wapi unalala na baridi ikoje kambi ya Barafu usiku wa kwenda kileleni. Na yule dada akawaandikia e-mail wageni wa miaka mitatu nyuma mmoja mmoja kwa jina. Niseme wazi, e-mail zile ndizo zilizowapa wagumu kazi mwezi wa sita na wa saba. Google ilikuwa bado haijaturudisha.

Matokeo

Jina la kampuni lilikaa sawa ndani ya wiki chache. Ukurasa wa Machame ulirudi ukurasa wa kwanza mwezi wa tisa, chini kidogo ya pale ulipokuwa. Kurasa za Kijapani zilishuka polepole, mwezi wa nane bado zilikuwa kama 2,000, na mkia wake uliendelea mpaka mwaka mpya kwa sababu roboti haliharakishi kurudi kwenye kurasa zisizo na maana kwake. Nusu ya kwanza ya msimu mkubwa ilipotea, hilo halikurudi.

Uchambuzi

Kilichosaidia kuliko vyote ni kujenga upya na kuangalia akaunti nzima ya hosti badala ya tovuti moja. Ningeanza hivyo siku ya kwanza tungeokoa wiki tatu, na wiki tatu za mwezi wa tano kwa kampuni ya mlima ni nyingi sana maana ndipo watu wanafunga safari za Agosti. Haraka yangu ilitokana na kumuonea huruma mzee, lakini aliyeumia na haraka ile ni yeye.

Kulinganisha masika na masika nako kulisaidia kwa namna nyingine, kulimaliza ubishi. Bila namba zile mzee asingekubali tovuti ifungwe.

Kilichoharibu ni robots.txt na lile ombi la kwanza lililotumwa mapema. Kukataliwa ombi siyo mwisho, lakini unarudi kusubiri upya. Na chanzo cha yote ni plagini ya wizi kwenye folda iliyosahaulika. Fundi wa mwanzo simlaumu sana, alikuwa analipwa kidogo na mteja hakujua kama kuna leseni ya kununua. Siku hizi kwenye bei yangu naandika leseni kama mstari wake peke yake ili mteja aione, na akaunti ya Search Console nafungua kwa e-mail ya ofisi, yangu inaongezwa tu. Kila Jumatatu asubuhi yule dada anaandika site: na domeni yao kwenye simu kabla hajafungua e-mail, dakika moja, anaangalia kurasa mbili tatu za matokeo.

Upande wa Kijerumani haujarudi mpaka leo. Mwanzoni niliulaumu udukuzi, lakini nilipoitazama ile data ya miezi 16 vizuri nikaona ulishaanza kushuka mwezi wa kumi, miezi minne kabla hawajaingia. Zilikuwa tafsiri za mashine na bei zake zilikuwa za zamani. Sasa hivi kuna mwongozaji wao mmoja anayeongea Kijerumani anaziandika upya, amemaliza Marangu na Rongai, anaingia Lemosho.